Magurudumu ya Trakta ya Mama Mkwe

Nikiwa mdogo kulikuwa na mhubiri mmoja aliyekuwa akija Mbumbuni siku za soko, mtu mrefu, koti refu, na meno ya kuazima. Sisemi meno ya bandia kama haya ya siku hizi, ambayo daktari anakupima mdomo kwanza. Nasema ya kuazima. Kaka yake mkubwa alikuwa mpishi Nairobi, akatengenezewa meno huko, akafa, na familia ikaona si vizuri kuzika kitu kizuri namna ile. Basi mhubiri akarithi. Shida ni kwamba kaka mtu alikuwa na kichwa cha mviringo kama mtungi, na huyu alikuwa na uso mwembamba wa mbuzi. Akihubiri polepole, meno yanakaa. Roho ikimpanda, meno yanaanza kutembea peke yake. Siku moja alifika pale wana wa Israeli wanavuka bahari, akamtaja Farao kwa nguvu, meno yakaruka yakatua kwenye beseni la mama aliyekuwa akiuza ndengu.

Soko lote lilicheka. Yule mama hakucheka. Aliyaokota, akayapangusa kwa leso, akampelekea mkononi, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mtumishi, haya mrudishie marehemu."

Nilikimbia nyumbani nikamsimulia mama yangu, nikidhani atacheka. Akaniuliza kama nakumbuka nira tuliyoazima kwa jirani mwaka ule yetu ilipovunjika. Nilikumbuka. Ile nira ilikuwa nzuri kuliko yetu, mti mzuri, imelainika kwa mafuta ya shingo za ng'ombe. Lakini ilichongwa kwa ng'ombe wengine, na kabla hatujamaliza shamba dume letu moja lilikuwa na kidonda begani ambacho hakikupona mpaka tukaliuza. Mama akasema hakuna cha kucheka hapo, mtu akifungwa kitu cha mwili mwingine ataumia tu, ni siku gani ndiyo hujui.

Miaka mingi baadaye nilikuwa fundi pale mjini Salama, kwenye barabara ya Mombasa, na kitu cha kwanza nilichofundishwa ni hicho hicho, ila kwa chuma.

Aliyenifundisha anaitwa Mzee Nzioka. Alikuwa na kibanda cha pancha upande wa malori, lakini moyo wake ulikuwa kwa trakta ndogo za zamani, zile za kijivu na nyekundu zilizoachwa na walowezi na zikaingia mikononi mwa watu wetu moja moja. Hakuwa mtu wa kusifu. Nilikaa naye muda mrefu kabla hajaniita kwa jina, aliniita "wewe". Trakta ikiletwa na mwenyewe anataka tairi mpya, Mzee Nzioka hakuangalia tairi kabisa. Alichuchumaa akaanza kushika rimu kama mtu anayeshika mguu wa mbuzi sokoni. "Tairi ni nguo," aliniambia. "Wewe utamnunulia mtu suruali kabla hujajua kama ana miguu?"

Nyinyi vijana mliofungua vibanda pale barabarani mmekuwa mkiniuliza mambo haya, kwa sababu naona trakta hizo ndogo zinafufuliwa tena. Ng'ombe walikwisha kwa ukame, na kukodi trakta kubwa imekuwa shida. Kwa hivyo nitawaambia ninayoyajua, halafu nitawaambia kwa nini sipendi kuyasema.

Chukua nyundo ndogo. Gonga rimu kuizunguka yote. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinakohoa. Pale kwenye tundu la valvu chukua bisibisi uchokore, kwa sababu hapo ndipo kutu inapoanzia, hasa kama tairi iliwahi kujazwa maji ya kisima chetu cha chumvi. Bisibisi ikiingia, funga mazungumzo, hata kama mwenye rimu ni pasta wako.

Halafu soma nambari ubavuni mwa tairi. Ya kwanza ni unene, ya pili ni urefu wa rimu. Ile ya kwanza mnaweza kuelewana kidogo, unene unaweza kuzidi au kupungua kiasi. Ya pili haina kuelewana. Vijana wananionyesha picha kwenye simu, "Mzee, si hii inafanana?" Inafanana. Hata mimi nafanana na ndugu yangu, lakini viatu vyake vinanibana.

Pinda tairi uangalie kati ya meno. Ukiona nyufa kama za kisigino cha mtu asiyejua viatu, hiyo ilikaa juani, hata kama meno bado ni marefu haitafika mbali. Nunua mbili za aina moja. Ukiweka mpya kulia na kuukuu kushoto, trakta itavuta upande mmoja siku nzima kama punda mwenye jicho moja, na gia za nyuma zitalipia. Ukisimama nyuma ya trakta, meno yakae kama paa la nyumba, ncha juu. Ukiyageuza, udongo hautoki, trakta inavaa matope kama soksi.

Maji ni kitu kingine. Trakta ndogo ni nyepesi, kwa hivyo tairi za nyuma tunazitia maji ndani ya tubu ili zishike ardhi. Unainua kwa jeki, unazungusha mpaka valvu iko juu kabisa, unajaza mpaka yafike kwenye valvu, panapobaki unaweka hewa. Valvu iwe juu. Mzee Nzioka aliniambia hivyo, nami siku ya kwanza ya kutoa maji nikafungua valvu ikiwa chini, yeye akiwa amechuchumaa mbele yake na suti ya kwenda harusini. Alisimama akichuruzika, akaenda harusini hivyo hivyo, na kila aliyemuuliza alimjibu amebatizwa upya na mjinga.

Na la mwisho ambalo watu wetu wanalisahau kwa sababu halionekani kwenye picha: upana wa kusimama. Zile rimu za zamani zilitengenezwa kwa akili. Ukizifungua ukazigeuza ndani nje, gurudumu linatoka mbali na mwili, trakta inapanua miguu. Shamba tambarare halijali. Lakini huku kwetu tunalima juu ya matuta, zile ngazi tulizochimba kilimani ili mvua isiondoke na udongo. Juu ya tuta, trakta iliyobana miguu ni mlevi juu ya ukuta. Hapo unataka magurudumu membamba, marefu, yenye meno, yenye maji, na yaliyopanuliwa. Ukishayafunga, kaza nati tena baada ya asubuhi ya kwanza ya kazi, kwa sababu chuma nacho kinahitaji kukaa kabla ya kutulia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku mama mkwe wangu aliponiita nyumbani kwake Kilungu.

Ngoja niwaeleze kwanza huyu mama, na vile tulivyokuwa tunaongea, kwa sababu bila hilo hamtaelewa. Sisi Wakamba tuna nthoni, heshima yenye haya ndani yake. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawaketi pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anajipinda kichakani kama aliyeona ua zuri huko. Na kwa watu wa rika letu, neno halitoki kwake kuja kwangu moja kwa moja. Linabebwa na mtu wa tatu. Najua kanisa limelegeza mambo hayo. Nimewaona nyinyi mkipiga picha na mama wakwe mmekumbatiana, nami nageuza uso hata kwenye simu. Lakini mama yake Ndunge, mke wangu, hakulegeza. Alikuwa mama wa kanisa, anaimba mbele, anaombea wagonjwa, na nthoni alikuwa ameishika kama Agano la tatu. Nami nilimheshimu kwa hilo. Hilo nataka mlijue.

Baba mkwe alikuwa amefariki, na trakta yake ndogo ya kijivu ilikuwa imekaa chini ya mabati kando ya ghala, kuku wakitagia kwenye kiti. Watu watakuambia Kilungu si mahali pa trakta, na kweli kule juu si mahali pake. Lakini shamba lao liko chini, pale kilima kinapolegea, na matuta ni mapana. Marehemu alilima hapo na trakta ile miaka yote bila kukwaruzika. Sasa Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alitaka ifufuliwe ili shamba lilimwe kabla ya mvua za Novemba. Aliyekuwa aendeshe ni Kyalo, kitinda mimba wao, shemeji yangu. Basi kazi yangu ilikuwa hiyo tu: matuta ya mama mkwe yalimwe, na Kyalo ashuke kwenye kile kiti kila jioni akiwa mzima.

Injini haikunisumbua. Nilisafisha, nikabadilisha vilivyooza, ikanguruma, majirani wakaja kuangalia. Magurudumu ya nyuma ndiyo yalikuwa yamekwisha. Nilipogonga rimu, zilikohoa. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini.

Na hivi ndivyo tulivyokuwa tunaongea. Mimi nimechuchumaa upande huu wa trakta. Mwaitu amekaa upande wa pili, kwenye kigoda karibu na ghala, amenipa mgongo, anachambua maharagwe ya muthokoi, ya kupikwa na mahindi yaliyokobolewa. Kati yetu kuna trakta na Kyalo.

"Kyalo, mwambie Mwaitu hizi rimu zimekwisha."

Kyalo anageuza shingo. "Mwaitu, anasema rimu zimekwisha."

"Muulize kama anajua mahali zingine zinaweza kupatikana."

"Anauliza kama unajua pa kupata zingine."

"Mwambie nitatafuta Kitui."

Mama alikuwa karibu nami kuliko redio ilivyo kitandani kwangu. Alisikia kila neno nikilisema, lakini kwa desturi hakuwa amelisikia mpaka Kyalo alirudie. Jambo hilo lilikuwa linatuchekesha. Siku moja Kyalo alikwenda kunywa maji katikati ya swali, na sote wawili tukamngoja, mimi nimeshika spana hewani, yeye ameshika harage.

Nilikwenda Kitui. Huko nyuma ya mji nilimpata mzee aliyekuwa na trakta ya aina ile ile, imekufa injini, miguu mizima. Nilizigonga rimu zake zikalia kama kengele ya shule. Tairi zilikuwa nyembamba, meno bado marefu, hazina nyufa, kwa sababu aliziegemeza kivulini na kuzifunika magunia. Mtu anayefunika tairi kwa gunia ni mtu wa kuamini. Nikamwomba aniwekee, nikarudi Kilungu nimefurahi kama bwana harusi.

Nilikuta Kyalo ameleta magurudumu ya lori.

Nayaelezea vile yalivyokuwa. Mapana, meusi, yamepakwa rangi mpaka yanang'aa, laini kabisa, yale ya kukimbia lami. Alikuwa ameyapata Salama, na fundi wa kuchomelea ameshakata mabamba ya kuyaunganisha na habu ya trakta, pale gurudumu linapofungwa. Yalikuwa mafupi kuliko yale ya zamani, kwa hivyo trakta ingeketi kwa matako na pua juu, kama mbwa anayengoja mfupa. Na vile mabamba yalivyokatwa, magurudumu yangeingia ndani, trakta ibane miguu.

"Shemeji, cheki hizi," Kyalo akaniambia. "Hizi ni mashine. Nikimaliza shamba nafunga trela, naingia barabarani, nabeba mchanga, nabeba matofali. Shamba linalisha mara moja kwa mwaka. Lami inalisha kila siku."

"Hilo ni kweli," nikamwambia. "Lakini utalima na nini?"

"Na hizi hizi."

"Juu ya tuta? Udongo ukiloa?"

"Shemeji, wewe na Mzee Nzioka wako mlilala zamani. Gurudumu ni gurudumu."

Sikubishana naye. Yeye hakuwa mwenye trakta. Mwenye trakta alikuwa pale kwenye kigoda, mgongo wake ukinitazama. Nikasema kwa sauti ya kutosha, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi:

"Kyalo, mwambie Mwaitu magurudumu haya ni ya lami. Hayana meno. Juu ya tuta, mvua ikinyesha, yatateleza yashuke upande wa chini, na trakta itapinduka na wewe ukiwa juu yake. Mwambie kuna mengine Kitui yanayofaa, nimeshayaona."

Kyalo akanitazama. Akatazama magurudumu yake. Akageuza shingo.

"Mwaitu, fundi anasema haya ni ya lami, ni magumu, hayaishi upesi. Anasema na Kitui kuna mengine pia."

Niliona mkono wa mama umesimama juu ya ungo. Haukuchambua, haukutupa. Ulisimama tu. Nikasema moyoni, amesikia yote mawili, langu na la Kyalo, sasa atauliza. Angeuliza tu, "Kwani kuna nini na mvua?" Swali dogo hilo, Kyalo angelibeba, nami ningelijibu mpaka jioni.

"Mwambie asante," akasema. "Kama ni magumu, ayafunge."

Mtaniuliza kwa nini sikuzunguka ile trakta nikamwambia usoni. Mmezaliwa juzi. Mwanamume wa rika langu akimwendea mama mkwe wake na kumfokea mdomoni, hata kama ni kwa wema, hakuna mlango wa ukoo ule utakaomfungukia tena, na mke wake atalibeba neno hilo mpaka kaburini. Lakini sisi wazee tuna njia zetu. Mtu akitaka neno limfikie asiyeweza kumwambia, anaongea na mti, anaongea na mbwa. Mimi mbele yangu kulikuwa na kuku, yule mwekundu aliyekuwa akitagia kwenye kiti, amekasirika kwamba nimemfukuza. Nikaanza kuongea naye.

"Wewe kuku," nikasema, "ningekuwa na mtoto wa kiume, nisingemweka juu ya magurudumu haya hapa kilimani. Kuku, wewe una kucha, ndiyo maana huanguki kwenye paa. Ungevalishwa viatu vya soli laini ungepanda kweli? Sikiliza vizuri, kuku. Kama ni lazima yafungwe, yafungwe kwa kazi ya barabara, na kwa shamba yaletwe yale ya Kitui."

Kyalo aliangua kicheko. "Shemeji jua limekupiga."

Na Mwaitu, bila kugeuka, akarusha harage bovu kando, akamwambia kuku yule yule, "Kuku wangu hawajui trakta. Njoo ule."

Kuku akaenda.

Nilikusanya spana zangu. Nikamwambia Kyalo, "Mimi sifungi haya. Mwambie na hilo." Sijui alilibeba vipi. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyeyafunga.

Wakati ule Ndunge alikuwa Nairobi kwa binti yetu aliyejifungua. Nilimpigia simu nikamweleza, akampigia mama yake. Alinirudia baadaye sauti imepoa. "Mwaitu anasema Kyalo ameshamweleza yote. Anasema umeudhika kwa sababu hawakuchukua yale yako ya Kitui. Kwani kuna kitu ulikuwa upate huko?" Mke wangu ndiye aliyeniuliza hivyo. Nikakata simu. Tangu hapo sikumtajia tena, na yeye hakunitajia.

Mvua za Novemba mnazijua. Huwa zinatishia, zinaondoka, halafu siku moja zinamwagika kama zilikuwa na hasira. Kyalo alikuwa amelima matuta ya chini yakiwa makavu, na yalikwenda vizuri, mpaka watu wakanicheka kanisani. Mmoja aliniuliza kama kuku wangu bado anatabiri. Kwa hivyo nikajua habari ilikuwa imeenea; Kyalo aliisimulia kama kichekesho kila mahali. Mvua ikanyesha, na asubuhi iliyofuata akapanda tuta la juu.

Sikuwepo. Aliyeniambia ni jirani aliyekuwa akipalilia ng'ambo. Anasema trakta haikufanya lolote la ajabu. Ilikuwa inakwenda mbele, na ghafla ikawa inakwenda pembeni, polepole, magurudumu yakizunguka vizuri kabisa bila kushika kitu. Kyalo aliukata usukani kuelekea mlimani, lakini pua ilikuwa nyepesi, ikakataa. Gurudumu la chini likafika ukingoni, likakaa pale kidogo kama linalofikiria, likashuka. Wanaume waliiinua kwa magogo na mikono. Mguu wa Kyalo ulikuwa chini ya lile bamba linalofunika tairi. Hospitali walijaribu, halafu wakaukata chini ya goti.

Nilikwenda kumwona hospitalini. Nilimpelekea uji na ndizi. Hakuna aliyenisikia nikisema neno la "nilikuambia", wala hatalisikia. Kyalo alilia akanishika mkono, akasema, "Shemeji, ulijua." Tulikuwa wawili tu pale kitandani.

Halafu kukawa na kikao. Kilifanywa pale pale nyumbani, asubuhi, baada ya Kyalo kurudi na magongo yake. Kilichokuwa kinaulizwa ni mzigo huu ni wa nani. Aliyeongoza ni Mzee Wambua, ndugu ya marehemu baba mkwe, mtu mpole, mzee wa kanisa. Aliomba kwanza, maombi marefu. Wanaume tulikaa kwenye mabenchi uani. Wanawake walikaa ndani, na Mwaitu alikuwa karibu na mlango uliofunguliwa nusu, niliona ncha ya leso yake.

"Fundi," Mzee Wambua akasema, "wewe ndiwe uliyeifufua trakta hii. Ulipoyaona magurudumu yale, ulisema chochote?"

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

Nikarudia maneno yangu, yale yale, lami, meno, tuta, mvua, kupinduka.

"Ulimwambia nani?"

"Nilimpa Kyalo ampelekee Mwaitu. Mimi siwezi kumwambia mwenyewe, unajua."

"Najua. Kyalo, ulipewa neno hilo?"

Kyalo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu wa suruali umekunjwa na kufungwa pini. Hakuniangalia. Aliangalia mlango. Nami nikaangalia alikokuwa anaangalia, na ile ncha ya leso haikutikisika.

"Alisema ni ya lami," Kyalo akasema. "Alisema ni magumu."

"Na kuteleza?"

"Kuteleza sikumbuki, baba."

Mzee Wambua akamtuma mwanamke mmoja aende mlangoni. Alinong'ona, akarudi. "Mwaitu anasema hakuletewa neno la kuteleza."

Na hapo, vijana, hakusema uongo. Kwa desturi yetu hakuletewa. Neno lililetwa mpaka kwenye trakta likaishia hapo, na yeye akalisikia kwa masikio ambayo desturi inasema hana. Heshima niliyompa miaka yote, ya kupinda kichakani na kumpa mgongo, ndiyo aliyokuwa amejifunika sasa.

"Kuna mtu mwingine aliyesikia?" Mzee Wambua akaniuliza. Aliuliza kwa huruma, najua.

Ndunge alikuwa ndani na wenzake. Nilisikia sauti yake, ndogo: "Mimi nilielezwa kwa simu. Sikuwepo." Na ni kweli hakuwepo.

Niliwatazama wale wanaume kwenye mabenchi. Nilitaka kusema, nilimwambia kuku, na mama huyu alimjibu kuku. Nikafungua mdomo. Nikaona vijana wawili wa nyuma wameshaanza kuuma midomo, kwa sababu kile kichekesho walikuwa nacho tayari, Kyalo alikuwa amewapa kabla ya mguu wake kukatika. Nikafunga mdomo.

Mzee Wambua alishauriana na wenzake. Hawakuwa wakali. Wakasema hakuna anayetaka kumfunga mtu, sisi ni watu wa familia moja na kanisa moja. Wakasema fundi ndiye mwenye macho ya vyuma, na mwenye macho akinyamaza anakuwa kama amesukuma. Kwa hivyo fundi alete mbuzi, achinjwe pale, waombe pamoja, Kyalo na fundi walishwe nyama kutoka mkono mmoja, na mambo yaishe. Wote wakasema ni sawa. Hata mmoja wa wale vijana akasema ni sawa.

Mbuzi nilikuwa naye. Nina mbuzi hata leo. Lakini kila mtu pale alijua, na nyinyi mnajua, mtu akileta mbuzi amesema kwa mdomo wa mbuzi kwamba ni yeye.

"Unasemaje, fundi?" akauliza Mzee Wambua.

Nilisimama. Alidhani ninakwenda haja, akavuta mguu wake nipite, akasema, "Nenda tu, tunakungoja." Nikapita kati ya mabenchi. Nikapita ule mlango, na kwa mazoea ya miaka yote nikageuza uso nisimwone. Nikashika njia inayoteremka kwenda barabara ya Mombasa. Nyuma nikasikia mtu akisema fundi ameacha koti kwenye benchi. Walianza wimbo, nadhani ili kupitisha muda wakinisubiri, na wimbo ulinifuata mpaka kwenye kona ya chini, ukakatika. Sijarudi.